Usivae Kwanza Kiatu cha Kulia

Mwanangu Zuhura,

Ukishaivuta karatasi hii kutoka ndani ya kiatu, kaa chini. Usiiweke kando ukisema utaisoma baada ya mazoezi. Kaa hapo ulipo, kiatu kikiwa mkononi, uisome mpaka mwisho kabla hujatia mguu.

Ninaandika saa tisa alasiri. Kesho alfajiri unasafiri kwenda kambi ya wakimbiaji. Wewe na mama yako mmekwenda soko la Mchikichini kutafuta viatu vya kukimbilia, na ninajua mtachelewa, kwa sababu mama yako hanunui kiatu cha mtumba mpaka akikunje, akinuse ndani, na kukigonga kisigino juu ya meza ya mwenye mali. Umesema viatu hivyo hutavikanyagia vumbi la Kariakoo. Utavivaa kwa mara ya kwanza kambini, asubuhi ya mbio za kwanza. Kwa hiyo ninajua utaisoma wapi barua hii, na lini.

Mambo ya sweta, ya mafuta ya kujipaka, na ya kupiga simu ukifika, mama yako amekwisha kuyasema. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenikaba tangu jana.

Baba yako mdogo Saidi hakuanguka kutoka kwenye lori.

Umelisikia lori hilo tangu ukiwa mdogo. Watoto wenzako walipokuuliza kwa nini baba yako mdogo anatembea ameinama hivi, akiburuza mguu mmoja, uliwaambia habari za lori, na uliziongezea mpaka likawa na breki mbovu na dereva mlevi. Sikukusahihisha. Mimi ndiye niliyelitunga lori hilo.

Saidi alipoumia, nilikuwa nimepewa usimamizi wa kikosi chetu cha wachukuzi, pale kwenye stoo za jumla nyuma ya soko. Kabla yangu alikuwapo Mzee Issa, mtu wa kwetu Masasi, mfupi, mwenye shingo pana. Mzee Issa alikuwa na taratibu ambazo vijana walizicheka. Mgeni hakubebeshwa gunia zima siku alipofika, hata awe na kifua cha ng'ombe. Siku moja alibeba, siku iliyofuata alikaa kwenye lori akiwatwika wenzake tu. Jumapili hakugusa kitu. Na kila asubuhi, kabla ya lori la kwanza kufunguliwa, Mzee Issa alimsimamisha mgeni ukutani, akampitishia kidole gumba mgongoni, pingili kwa pingili, kisha kwenye miundi ya miguu, akibonyeza na kuuliza, "Hapa? Na hapa?"

Mgeni akisema mwili mzima unauma, mzee alicheka. "Huo ni mwili unaojifunza. Kale ugali, ulale." Lakini mgeni akishtuka mahali pamoja, padogo, penye ukubwa wa kidole, mzee hakucheka. Alimketisha wiki tatu au nne, na kikosi kizima kilimlisha.

"Mzee, huyu ana nguvu kutushinda sote," tulimwambia siku moja kuhusu kijana mmoja aliyeketishwa. "Juzi amepanda na magunia bila kuhema."

"Nguvu anazo," alijibu. "Pumzi imekwisha kuja, na misuli imekuja. Mfupa bado uko njiani unatembea kwa miguu."

Tulicheka kwa sababu namna alivyosema ilichekesha. Hatukuelewa kuwa alikuwa anatueleza jambo la kweli.

Mzee Issa alirudi kwao, nami nikashika nafasi yake. Ilikuwa karibu na sikukuu. Malori kutoka bandarini yalipanga foleni mpaka barabara kubwa, wenye maduka walinipigia kelele kila upande, nami nilitaka waone kuwa kikosi chini yangu kinakwenda kasi kuliko chini ya mzee. Nikafuta siku za kutwika. Nikafuta Jumapili. Kile kidole cha ukutani nilikifuta siku ya kwanza kabisa, kwa kuwa kilichelewesha lori la kwanza.

Saidi alifika wakati huo, mdogo wangu wa mwisho, aliyezoea jembe na kuni. Wiki ya kwanza alitapika mara mbili kwenye ngazi, na wenzake wakamtania: "Masasi, umekula mihogo au umekula kamba?" Wiki ya tatu alipanda ghorofa tatu na robota la mitumba mgongoni huku akiimba. Nilimtazama nikavimba kwa fahari. Niliwaambia watu, "Mnaona? Mwili ukilazimishwa unakubali."

Mwezi wa pili akanijia jioni moja tukinawa mikono. "Kaka, mgongo una mahali."

"Mahali gani?"

"Hapa chini. Padogo tu. Nikiinama pananichoma."

Zuhura, mkono wangu ulikuwa huru. Ningeweza kuunyoosha nikabonyeza. Ulikuwa umbali wa hatua moja. Nilimwambia, "Utazoea."

Siku chache baadaye alikuwa mbele yangu kwenye ngazi, na gunia la mchele. Katikati ya ngazi ya pili alikaa. Hakuanguka wala hakupiga kelele. Alikaa kama mtu aliyechoka akaamua kupumzika kidogo, gunia likateleza likabingirika hadi chini. Nilimwambia, "Nyanyuka, unaziba njia." Akasema, "Kaka, miguu siisikii."

Sasa ninakuandikia kitu ambacho hata mama yako hakijui. Sikusimamisha kazi. Lori lilikuwa limesimama katikati ya barabara, na mwenye mali alikuwa anapiga honi. Nilimsogeza Saidi ukutani kwa kumshika makwapa, nikawaambia wengine wapite. Walipita. Walimruka mdogo wangu na magunia mgongoni, wakisema "samahani, Masasi," mmoja mmoja, mpaka lori likaisha. Ndipo nilipotafuta mkokoteni wa kumpeleka hospitali.

Daktari aliyempokea alitupa maelezo ambayo nimeyabeba mpaka leo. Alisema mgongo ule haukuvunjika siku ile. Ulikuwa na ufa mdogo wa wiki nyingi, na kila mzigo uliufungua zaidi. Nilimwuliza inawezekanaje, naye kijana alikuwa anazidi kuwa na nguvu kila siku. Akanipeleka dirishani. Mtaani walikuwa wamechimba barabara ili kupitisha bomba. "Mfupa ni kitu hai," alisema. "Ukiuzidishia kazi, mwili huchimba kwanza sehemu iliyochoka, ndipo ujaze upya, imara kuliko zamani. Lakini kuchimba huenda haraka, na kujaza huenda polepole. Kuna wiki ambazo shimo liko wazi. Mkipitisha magari juu ya shimo lililo wazi, mnatarajia nini?"

Mzee Issa hakuwa na dirisha wala bomba. Alikuwa na kidole tu, na alilijua shimo.

Lori lilikuwa wazo la Saidi mwenyewe. Nilikaa kando ya kitanda chake nikilia kwa ajili ya mama yetu aliyekuwa kijijini, nisijue nitamwambia nini. Saidi akasema, "Mwambie nimeanguka kwenye lori. Akililaani lori, hamlaani mwanawe." Nilikubali. Nilikubali upesi sana, mwanangu, kama mtu aliyeonyeshwa mlango wa kutorokea. Mama yetu alikufa akiyalaani malori.

Leo mchana, mlipotoka, Saidi alikuwa kibarazani akichambua mchele. Nilimwambia ninataka kukuandikia. Hakuniuliza ninataka kuandika nini. Alitoa mawe mawili, akayatupa, akasema, "Kaka, mwandikie kweli. Mimi nimechoka kuanguka kwenye lile lori."

Sasa nije kwako.

Ulipokuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, Mama Eliya, yule Mchaga mwenye duka la vyombo ghorofa ya sita, alianza kukuita ukitoka shuleni. "Wewe mtoto, lifti imekufa tena, nipandishie haya masufuria, nitakupa soda." Siku ya kwanza ulifika ghorofa ya tatu ukakaa juu ya boksi, uso umepauka. Niliweka vidole kwenye kifundo cha mkono wako nikatazama saa. Moyo ulikuwa unakimbia kama unafukuzwa. Miezi minne baadaye ulifika ghorofa ya sita ukibishana na Mama Eliya kuhusu soda, bila kukata sentensi. Kila asubuhi kabla hujanyanyuka kitandani nilikushika kifundo nikahesabu mapigo, na kila mwezi yalipungua, mazito, ya taratibu. Moyo ulikuwa umepanuka. Ulikuwa unasukuma kwa pigo moja damu ambayo zamani ulihitaji mapigo mawili kuisukuma. Sikuwahi kuona kitu kizuri kama hicho kikijengeka mbele ya macho yangu. Nilidhani ninaomba msamaha kwa Saidi kwa njia ya miguu yako.

Na kwa kuwa nilidhani hivyo, nilikufanyia yaleyale.

Niliyajua yote niliyokuandikia hapa. Nilikuwa nimesimama kwenye lile dirisha. Hata hivyo, ulipochaguliwa kwenda kambini, kocha wa huko akasema ana nafasi chache na muda mfupi, nilikuongezea. Alfajiri Jangwani kwenda na kurudi, jioni ngazi za Mama Eliya mara kumi, Jumapili pia. Ulipopungua uzito nilisema unakuwa mwepesi. Mama yako aliponiuliza kwa nini hupati siku zako za mwezi, nilimwambia hayo ni mambo ya wanariadha. Sikuwa ninajua nisemalo. Mwili wako ulikuwa unazima taa chumba kimoja baada ya kingine kwa kukosa chakula na usingizi, nami nilikuwa nimekaa nje nikipiga makofi.

Kisha ile jioni ukasema, "Baba, hapa kwenye muundi panauma."

Unakumbuka nilichokujibu. Neno lilelile, kwa sauti ileile, nami ninakula. Nimejaribu kukumbuka kama nilinyanyua uso kutoka kwenye sahani. Ninaogopa kwamba sikunyanyua.

Hukurudia tena kusema. Ndilo linalonivunja. Saidi alisema mara moja akajibiwa, akanyamaza. Wewe ulisema mara moja ukajibiwa, ukanyamaza. Mimi ndiye ninayewanyamazisha watu miili yao inapolia.

Siku kumi zilizopita nilikukuta uani na beseni la maji ya moto. Ulikuwa unapitisha kidole gumba kwenye muundi wa kulia, upande wa ndani, kutoka chini kwenda juu. Ulipofika mahali fulani, padogo, meno yako yalionekana. Zuhura, hakuna aliyekufundisha kidole hicho. Mwili wenyewe ulikuonyesha pa kubonyeza.

"Tangu lini?" nilikuuliza.

"Baba, si kitu."

"Hata ukilala?"

Ulinishika mkono, ukapiga magoti, wewe ambaye hupigi magoti ovyo. "Baba, ukimwambia kocha watamchukua mwingine. Nafasi haitarudi. Niapie, baba. Niapie."

Nikaapa. Nilijidanganya kwamba ninakuheshimu. Kumbe nilikuwa nimeonyeshwa tena ule mlango.

Jana asubuhi kocha alinipigia simu. "Shikamoo, mzee. Binti mzima?"

"Marahaba. Mzima kabisa."

"Hana maumivu popote? Huku ni milimani, hewa ni nyepesi. Wiki za mwanzo mwili una kazi kubwa ya kutengeneza damu mpya. Sitaki aje na deni jingine."

"Hana," nikasema. "Yuko kama chuma."

Nilipoweka simu mezani, Saidi alikuwa mlangoni. Alikuwa amesikia. Alirudi kibarazani akiburuza ule mguu, na nilisikiliza kila hatua mpaka alipokaa.

Usiku nilijaribu kukuambia tukila. Nilisema, "Zuhura, kuhusu mguu." Ukasema, "Baba, uliapa," ukamwongezea mama yako mchuzi. Ulikuwa unacheka. Sijakuona ukicheka hivyo kwa mwaka mzima. Nikashindwa. Mtu aliyewakemea wanaume arobaini kwenye malori alishindwa na msichana mwenye kijiko cha mchuzi.

Leo saa saba, mlipokwisha kukata kona, nilimpigia kocha.

Nimevunja kiapo. Nimemwambia kila kitu: muundi wa kulia, upande wa ndani, padogo, panauma hata ukilala. Nimemwambia kuhusu siku zako ambazo hazijaja. Nimemwambia kwamba jana nilisema uongo, na kwamba neno la kukunyamazisha lilitoka kinywani mwangu.

Kocha akasema, "Mzee, ungekuwa kijana wangu ningekutukana." Nikamwambia anitukane tu. Hakunitukana. Alisema hivi, nami nimeyaandika pembeni ya gazeti ili nisiyapunguze wala kuyaongeza:

"Aje. Wenzake watakapofunga viatu asubuhi ya kwanza, nitamsubiri. Akija kuniambia mwenyewe kabla hajakimbia hatua moja, nitampeleka apigwe picha, na mguu utapumzishwa mpaka upone. Siahidi nafasi. Ninaahidi mguu. Lakini akija kwenye mstari wa kuanzia mbio akanyamaza, nitamrudisha kwa basi siku hiyohiyo, kwa sababu anayenificha mwili wake siwezi kumfundisha."

"Itachukua muda gani kupona?" nilimwuliza.

"Mfupa hauangalii ratiba yangu, mzee. Wiki nyingi. Labda msimu mzima."

Hakuniambia nikufiche wala hakuniambia nikueleze. Ninakueleza. Kama huku nako ni kukosa uaminifu kwake, nimekuwa nikikosa uaminifu kwa watu wengi kwa ajili ya mambo mabaya. Leo ninakosa kwa ajili ya muundi wako.

Ninajua hasira unayoisikia sasa. Ninakusikia ukisema baba amekupa kila kitu kwa mkono mmoja akakunyang'anya kwa mkono wa pili, siku ya mwisho, akiwa amejificha ndani ya kiatu kama mwoga. Ni kweli. Ningekuambia ana kwa ana ungeniomba tena, nami ningeapa tena. Ninajijua. Kaa na hasira hiyo, usipige simu mwezi mzima ukipenda, mwambie kila mtu baba yako ni mwongo aliyetunga lori. Nitakubali yote. Ila usiufunge huo mguu kamba ukaenda kwenye mstari.

Kwa sababu utaweza kukimbia. Ndicho kinachonitia hofu. Moyo wako unaweza, mapafu yanaweza, misuli yako inaweza, nimeyahesabu yakikua mwezi baada ya mwezi. Vyote vitakuambia twende. Utawapita wenzako kwenye mlima wa kwanza, na kocha ataona mbio nzuri, na hakuna atakayesikia kinachopasuka humo ndani. Saidi alikuwa anaimba, mwanangu. Wiki ile ile alikuwa anaimba.

Sijui kama ulichopoteza kitarudi. Ninatamani nikuandikie kwamba kitarudi. Daktari alisema mfupa unaojazwa vizuri huwa imara, nami nimewaona vijana wa Mzee Issa walioketishwa wakabeba miaka ishirini baadaye. Lakini nafasi si mfupa, na siwezi kukudanganya tena hata kwa kukufariji. Huenda utarudi hapa na mguu mzima bila kitu kingine. Ukirudi hivyo, nitakuja kukupokea mwenyewe, na Saidi amesema atakuja pia, hata kama atafika kituoni baada ya basi.

Ninasikia sauti ya mama yako kwenye korido, anamweleza jirani jinsi alivyomkomesha mwenye viatu. Wewe unacheka. Lazima niikunje sasa.

Fanya hivi. Weka kidole gumba kwenye muundi wa kulia, upande wa ndani. Anza chini, panda taratibu. Bonyeza kama mimi nilivyopaswa kubonyeza mgongo wa mdogo wangu. Ukifika pale, usiume meno. Sema, kwa sauti, hata kama uko peke yako: hapa.

Kisha nyanyua uso. Kocha amesimama huko nje, anakusubiri. Mwendee peku.

Baba yako